Maharage yanaota vizuri alafu yanakufa? Kabla hujamtukana muuza mbegu, soma hapa

Vuli ikishaanza tu simu ni zile zile. Mtu anakwambia nimenunua mbegu nzuri ya maharage, imeota yote, nikafurahi, alafu majani yalivyofunguka tu yakaanza njano pembeni, yakaungua, sasa yanakufa, na mwenye duka la pembejeo keshatukanwa kwamba kauza feki. Mi huwa nauliza kwanza: masika hapo ulilima nini na magugu uliua na nini? Mahindi. Dawa? Basi ukisoma kibandiko unakuta atrazini, dawa ya kuua magugu ya mahindi, na hiyo hubaki udongoni.

Majuzi jirani aliniita shambani kwake na kitu nilichokiona ni kwamba njano haikuwa shamba zima, imekaa kwa mistari, na pale mwisho wa matuta anapogeukia mtu wa bomba la kupulizia dawa maharage yameisha kabisa, maana pale bomba halifungwi, mtu anageuka huku anamwaga, dawa inapigwa mara mbili. Ugonjwa haukai hivyo. Majani ya chini ndo yameungua kingo, ya juu bado kijani, ukiung'oa mche mizizi ni myeupe safi. Ingekuwa ni njaa ya naitrojeni jani la chini lingepauka lote, lisingeanza kuungua ukingoni, kwahiyo kukimbilia mbolea ya yurea hapo ni kutupa hela.

Kinachofanyika ni hivi, atrazini haiui mbegu. Inafyonzwa na mizizi pamoja na maji, inapanda kwenye majani, inazuia usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mche unaishi kwa akiba ya mbegu, ikiisha ndo unaanza kufa, ndo maana kuota kunakudanganya. Mahindi yenyewe yana uwezo wa kuivunja hiyo dawa ndani ya mmea, mtama na miwa pia, maharage hayana.

Sasa mtu anasema mbona miezi imepita. Imepita ndio ila ilikua mikavu! Dawa inaliwa na vijidudu vya udongo na vijidudu vinataka unyevu, kuanzia Juni mpaka Oktoba udongo ni vumbi, nani ataila? Ndo maana masika ikikatika mapema, vuli yake kesi zinakua nyingi. Ulaya waliikatalia mwaka 2004 sababu ya kuonekana kwenye maji ya chini ya ardhi, haiondoki kirahisi. Na watu wanailaumu glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, bure kwenye hili, ile inang'ang'ania udongo, mizizi haiipati kirahisi.

Cha kufanya kabla ya kununua mbegu: chukua udongo sehemu kadhaa za shamba, usisahau pale pa kugeukia, jaza makopo, kopo lingine weka udongo wa sehemu ambayo haijawahi kupigwa dawa, panda maharage kote, mwagilia sawa, subiri kama wiki tatu. Usiangalie kuota, angalia majani baada ya kuota. Yakiungua ya shamba na yale mengine yapo poa, hapo panda mahindi au mtama msimu huu. Samadi iliyooza vizuri inasaidia maana inaishika dawa na kulisha hao vijidudu. Majivu acheni jamani, naona watu wanamwaga ndoo na ndoo, majivu yanapunguza uchachu wa udongo, na uchachu ukipungua atrazini inakaa muda mrefu zaidi na mizizi inaipata kirahisi.