Mkono wa kulia unauma

Saa tano usiku hii, mkono wa kulia unawaka moto kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, nimeona bora niandike tu maana usingizi sina. Wiki ya tatu sasa nahangaika na rifu moja tu (kipande kifupi cha gita kinachojirudia), ile ya wimbo uliobeba jina la albamu ya Master of Puppets ya bendi ya Metallica, na kwa kweli nilidhani nyimbo hizi nazijua. Miaka yote nimesikiliza metali ya thrash, ile metali ya kasi na rifu kali, nimeipigia kichwa mpaka shingo ikakakamaa, kumbe nilikuwa naijua kwa masikio tu, mkono ndo umenifungua macho.

Dada alipita mlangoni juzi. Nilikuwa napiga bila amplifaya kwa sababu watu wamelala, na gita la umeme bila amplifaya halina sauti, linatoa chiki-chiki-chiki tu. Akasimama akaniuliza, "We, unakwangua nini humo ndani?" Nikamwambia nafanya mazoezi ya gita dada. Akasema alidhani nasugua sufuria. Nilicheka lakini baadae nikawaza, mbona amepatia kabisa, ukiondoa umeme wote na makelele yote kinachobaki kwenye thrash ni mtu anayekwangua kitu kwa spidi ya ajabu bila kukosea.

Siri iko kwenye mkono wa kulia. Ule ubavu wa kiganja unaulaza juu ya nyuzi pale mwisho kabisa zinapofungwa kwenye gita, sio kuzikandamiza, unazigusa tu, alafu unapiga uzi ule mnene wa juu, na badala ya sauti kulia na kusambaa inakatika palepale, dug, dug, dug, kama mlango unaogongwa na mtu mwenye hasira zake. Ukiinua kiganja kidogo tu sauti inafunguka, ukikirudisha inajifunga. Rifu nzima za thrash ni hiyo habari ya kufunga na kufungua, na zile za kufunga ndo zinakufanya utikise kichwa bila kuambiwa. Sasa James Hetfield, mpiga gita wa Metallica, yeye anapiga chini tu. Yaani kila noti piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, inashuka, hairudi kupiga ikiwa inapanda, na ule wimbo unakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kila pigo noti mbili, hebu fikiria mwenyewe. Kupiga chini-juu ni rahisi zaidi, nusu ya kazi, nimejaribu na inawezekana, ila pigo la kupanda linakuwa jepesi na masikio yanajua hapa pamechakachuliwa. Ukipiga chini tupu kila noti inapata uzito uleule.

Kwa hiyo sasa hivi siwezi kusikiliza hizi albamu kama zamani. Master of Puppets ilitoka Machi 1986, nyimbo 8, dakika kama 54, waliirekodi Copenhagen na prodyuza Flemming Rasmussen, na inaanza na magita ya kawaida yasiyo na umeme, taratibu, mazuri, mtu asiyejua anaweza kudhani kakosea kaseti. Alafu ukuta wa magita ya umeme unashuka. Zamani nilikuwa nasubiri ule ukuta tu, siku hizi nasikiliza yale magita ya mwanzo kwa makini maana ndo yanayoupa ukuta urefu wake, ukianza na kelele moja kwa moja hamna pa kupanda.

Ila miezi saba baadae, Oktoba mwaka uleule, bendi nyingine ya thrash, Slayer, wakatoa albamu ya Reign in Blood ambayo haina habari ya kusubiri chochote. Nyimbo 10, dakika 29, imeisha. Ilikuwa fupi kiasi kwamba kwenye kaseti albamu nzima iliingia upande mmoja, wakairudia nzima upande wa pili. Hii kitu inanifurahisha kila nikiikumbuka, unageuza kaseti unakutana na wenyewe tena. Prodyuza alikuwa Rick Rubin, jamaa wa Def Jam, lebo ya hip hop, na nadhani (hapa ni mimi nasema) sikio lake la hip hop ndo lililoiokoa ile albamu, kwa sababu aliondoa mwangwi. Sikiliza Hell Awaits yao ya 1985 kwanza, kila kitu kinaelea kama kimerekodiwa ndani ya pango, alafu rudi kwenye Reign in Blood, pakavu! Sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, iko mbele ya uso wako, gita likikatika limekatika kweli, kile kimya kidogo katikati ya noti mbili unakisikia. Ukicheza haraka vile na mwangwi juu unapata uji tu. Na kuna sehemu kwenye wimbo wa kwanza, kuelekea mwisho, vyombo vyote vinanyamaza, mpiga drams wao Dave Lombardo anabaki na miguu yake miwili kwenye drams kubwa, ni sekunde chache sana, na kila mara najikuta nimeacha ninachofanya.

Wimbo huohuo lakini ndo wenye mashairi magumu. Unahusu Josef Mengele, daktari wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, unasimulia aliyoyafanya bila kusimama kutoa mahubiri, na kampuni ya Columbia ilikataa kuisambaza albamu kwa sababu ya mashairi na kava. Mimi sijawahi kuona kama unamsifu, unatisha kama unavyotakiwa kutisha, ila sitajifanya kwamba nauimba jikoni.

Huo 1986 sijui walikula nini. Megadeth na Peace Sells, Kreator kule Ujerumani na Pleasure to Kill ambayo inasikika kama gari lisilo na breki, wote mwaka mmoja. Na hii ni mitoto ya metali ya Waingereza iliyokutana na panki, wakachukua rifu huku na spidi kule, San Francisco na kandokando yake ikawa kiota chao, baadae ikafika mpaka Brazil ambako Sepultura walirekodi Beneath the Remains, 1989 hiyo, ukiisikia hutadhani kuna mtu aliyewahi kuwaambia wako mbali.

Watu wananiuliza sana unapataje raha hapo. Mi nikiwa na siku mbaya nikiweka nyimbo za polepole nazidi kuzama, nafsi inapata nafasi ya kujihurumia. Thrash haikupi hiyo nafasi, kichwa chote kinashughulika kufuata, rifu imebadilika hapa, drams zimekata nusu, imerudi, hii ya tatu imetoka wapi tena, na albamu ikiisha unajikuta umetulia kama mtu aliyetoka kukimbia. Hasira ninazosikia mle ndani zimepangwa, kuna mtu alikaa akahesabu. Huwezi kupiga vile ukiwa na hasira kweli, nimejaribu jana nikiwa nimekasirishwa na mambo ya kazini, mkono unakaza, ukikaza unachelewa, ukichelewa umeshaachwa. Inabidi mkono ulegee kabisa ndo uwe na kasi, na hilo hakuna aliyeniambia.

(Na ...And Justice for All ya Metallica, 1988, jamani, lile besi mlilipeleka wapi? Rifu kali kuliko zote walizowahi kuandika, nyimbo ndefu za mahakama na haki kununuliwa, na mpiga besi Jason Newsted wa watu yupo mle anapiga lakini humsikii. Nimeweka spika, nimeweka headfoni, hamna. Bado naipenda na bado inanikera.)

Nimerudia kaseti ya kichwani mara nyingi leo. Metronomu ya kwenye simu, ile inayogonga mapigo kwa dakika, iko 132, jana ilikuwa 128, nikifika baa ya nne kiganja kinateleza uzi unalia wazi, naanza upya. Dada ameshazima taa upande wake. Kwa hiyo bila amplifaya tena, nakwangua mara moja ya mwisho alafu nilale, chiki-chiki-chiki, kwa 134 tuone.