We kaa tu

Tumerudi Espoo, hapa Finland, jana usiku, mabegi bado hayajafunguliwa, na mimi nimebaki na sentensi moja ya Baba Neema inayonizunguka kichwani.

Mengine kwa kifupi: likizo ya shule ya majira ya baridi (hiihtoloma), treni ya usiku hadi Rovaniemi, picha kwenye mstari wa Napapiiri (Duara la Aktiki), taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani, tumeziona Jumanne, kwa mfugaji tumepanda sleji, kigari cha kuteleza kwenye theluji, inayovutwa na poro, mnyama wa huku mwenye pembe kama za paa (hatukumuuliza anao wangapi, huku ni sawa na kumuuliza mtu ana hela ngapi benki; Baba Neema, Msukuma, alielewa bila kufafanuliwa), na matokeo ya mtihani wa lugha, YKI, yametoka, nimefaulu. Asanteni kwa dua. Sasa turudi kwenye sentensi ile: ni ya siku tuliyopanda sleji ya mbwa aina ya haski.

Haski wakishafungwa kwenye sleji wanapagawa. Wanaruka, wanabweka, wanatafuna kamba. Binti aliyetuongoza ilibidi apaze sauti: usiachie mpini hata ukianguka, breki ni hicho chuma katikati ya miguu, kwenye mlima shuka usukume. Kisha akauliza nani anaendesha, akinitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo, Baba Neema akadakia: "Mimi. We kaa tu, Mama Neema, hawa wana nguvu."

Nikakaa. Neema mapajani, ovaroli ya kuazima imenifika masikioni, macho yangu usawa wa makalio ya mbwa sita. Na kama hamjui, mbwa wa sleji hasimami kwenda haja. Anamalizana nayo hukohuko mbioni, na upepo unamletea aliyekaa.

Hawa wana nguvu! Mimi ninayeamka saa kumi alfajiri, naendesha gari la huduma ya nyumbani juu ya barafu kuwapelekea wazee insulini, niambiwe nikae tu. Na anayeniambia hana leseni ya Kifini, anapanda metro. Nimeshamjibu kichwani kila namna. Leo nasukuma chapati likanijia jibu tamu kuliko yote, nikageuka nimpe, kumbe yuko bafuni.

Kilima cha kwanza tu akasahau kushuka. Mbwa wa nyuma kushoto, mwenye jicho moja la bluu, akageuza shingo akamtazama kama konda anayedai nauli. "Shuka usukume!" Akashuka, akasukuma, akahema. Nilifurahi, sifichi.

Katikati ya safari, juu ya ziwa lililoganda, madereva hubadilishana. Ndio utaratibu wao. Nikasimama nyuma, nikaondoa mguu kwenye breki, na kelele zote zikakatika. Mbwa wakishaanza kukimbia hawabweki. Nyuzi 26 chini ya sifuri, kope zinagandana, unasikia sleji ikikwaruza theluji na pumzi zao basi. Jamani, raha ile!

Halafu nikainama kuwaangalia abiria wangu. Baba Neema amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, na kila tukifika kona anafumba macho. Nikacheka ndani ya skafu. Kicheko hakikufika mbali. Wanaokumbuka niliyoandika kuhusu ajali ya gari aliyopata Chalinze wanajua kwamba siku ile hakuwa anaendesha, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hadi leo kwenye gari langu hukaa nyuma. Kona zilizobaki nikawa nakanyaga breki mapema, mbwa wakinung'unika.

Kwenye moto, tunakunywa juisi ya moto ya matunda, akasema bila kuniangalia: "Umeendesha vizuri." Nikamwambia anyooshe miguu, soksi zimelowa. Hatujaliongea tena. Lakini hata hivyo angeniuliza kwanza! Yule binti alikuwa ananitazama mimi.

Leo kaka ametuma picha ya kiwanja chetu cha Kisesa: lori limeshusha mawe ndani ya mipaka, majirani wanasema hawajui ni ya nani, na bikoni (alama ya mpaka) ya upande wa barabara haionekani. Simu yake haipokelewi tangu saa nane. Mliopo Mwanza, kama kuna anayemfahamu mpima ardhi mwaminifu, naomba namba yake leo hii.