Kurekebisha bila kuchungulia

Nimerudia leo hoja ya mwanahisabati Peter Shor ya mwaka 1995 kuhusu kurekebisha makosa ya kompyuta ya kwantamu, na bado inaniacha mdomo wazi.

Kompyuta ya kawaida ikihofia kosa, hunakili: 0 inaandikwa 000, na moja ikigeuka, wingi wa zilizobaki unaamua. Kwa kompyuta ya kwantamu njia hiyo imezibwa mara mbili. Tangu 1982 inajulikana kwamba hali usiyoijua ya kyubiti (kipande cha msingi cha taarifa cha kompyuta hiyo, kinachoweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1) hainakiliki. Na ukiipima ili uone kama imeharibika, huko kupima ndiko kunakoiharibu. Mimi ningeishia hapo.

Shor aliisambaza taarifa ya kyubiti moja ndani ya kyubiti 9 zilizofungamana, yaani ambazo hali zake haziwezi kuelezwa moja moja, kisha akauliza maswali ya pembeni: hizi mbili zinafanana au zinatofautiana? Jibu linafichua palipo na kosa bila kugusa kilichohifadhiwa. Kinachonishika zaidi ni hiki: kosa la kwantamu si lazima liwe kugeuka kabisa, linaweza kuwa kupinda kidogo tu, kwa kiasi chochote. Ungedhani kila kiasi kitataka dawa yake. Lakini swali likishaulizwa, hali hulazimika kuchagua: ama hakuna kosa, ama kuna kosa kamili lenye tiba inayojulikana. Kule kupima tulikokuogopa ndiko kunakofanya kazi!

Vichwa vya habari hupenda kuhesabu kyubiti. Hesabu hiyo hainishtui. Desemba 2024 Google walipotangaza chipu ya Willow, nilitazama namba nyingine: msimbo, yaani mpangilio wa kyubiti nyingi unaolinda taarifa ya moja, ulipokuzwa kutoka gridi ya 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, kiwango cha makosa kiligawanyika kwa takriban 2.14 kila hatua. Nadharia ilikuwa imeahidi hivyo tangu miaka ya 1990, mradi kyubiti zenyewe ziwe chini ya kizingiti cha makosa, ambacho kwa msimbo wa aina hii ni karibu asilimia 1. Juu ya kizingiti, kila kyubiti unayoongeza ni mlango mwingine wa makosa.

Hata hivyo, gridi kubwa bado ilikosea takriban mara moja katika mizunguko 700 ya kukagua makosa, na mzunguko mmoja huchukua kama mikrosekunde moja tu. Na huko ni kuhifadhi, si kukokotoa. Mwaka 2009 Bryan Eastin na Emanuel Knill walithibitisha kwamba hakuna msimbo wa kurekebisha makosa unaoruhusu operesheni zote zifanyike kwa njia ile rahisi, kyubiti kwa kyubiti, kwa hiyo baadhi yake lazima zinunuliwe kwa kyubiti nyingi za ziada.