Kete Tisa au Kumi na Moja

Kwa miaka tisa niliishi Manchester nikila mshahara wa kucheza michezo ya video na kuiandikia tahakiki, kazi ambayo ami yangu wa Langoni, Lamu, hakuwahi kuiamini. "Hivyo kweli, mwanangu, watu hulipwa kwa kuteza?" aliniuliza kila nilipompigia simu. Nilipomweleza kwamba gemu moja huweza kunila saa sitini kabla sijaandika neno, na kwamba nakala hutufikia siku chache tu kabla ya makala kutakiwa, alinijibu kuwa basi sina tofauti na mvuvi anayekesha, ila mvuvi hurudi na samaki.

Kazi hiyo niliipenda, na imekwisha. Tuliachishwa kwa mkutano wa dakika kumi na tano, kila mtu akiwa mbele ya kompyuta yake nyumbani, tukaambiwa kwamba matangazo yamepungua. Kilichoniuma kuliko mshahara ni kuitafuta tahakiki yangu ya kwanza wiki chache baadaye na kukuta tovuti nzima imeondolewa. Katika fani yetu hili si geni: Agosti 2024 jarida la Marekani la Game Informer, lililoanza mwaka 1991, lilifungwa, na mahali pa makala zake zote ikabaki barua ya kuagana. Lilipata mmiliki mpya na kurudi mwaka 2025, bahati ambayo sisi hatukuipata.

Nilikwenda Lamu kupumzika. Jioni moja pale Mkunguni, mbele ya ngome, ami alinikalisha kwenye bao. Nimelicheza tangu utotoni na sikuwahi kuliandikia hata mstari mmoja, nadhani kwa sababu hakuna kampuni iliyoniletea nakala. Kila mmoja wetu alianza na kete kumi ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na nyingine 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Katika hatua hiyo, katika zamu uliyokula, kete ya mwisho ikiangukia katika nyumba yako na hapana cha kula mbele yake, una hiari ya kulala, yaani kuikomesha zamu yako hapo, au kusafiri, yaani kuzitoa kete za nyumba na kuendelea kuzisambaza. Ukisafiri, nyumba imevunjika. Ami aliuweka mkono juu ya nyumba, vidole vikizipapasa kete bila kuziinua, akakaa hivyo hadi watazamaji wakaanza kunong'ona, kisha akalala.

Usiku ule niliandika maneno mia tisa juu ya mkono ule tu. Mhariri wangu wa zamani angeyapunguza yakabaki arubaini. Tangu hapo najiandikia mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa muda wa saa mbili kila alfajiri baada ya zamu yangu ya ghala, na makala ninazihifadhi mwenyewe. Hata gemu za mikakati naziandika vyema zaidi kuliko zamani, maana zamu inayopita bila kula chochote, ambayo kwa Kiingereza ilinigharimu sentensi nzima, bao lina neno lake: kutakata.

Makala ile ya kwanza ami alisomewa na mjukuu wake. Alinitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba nimeandika nyumba yake ilikuwa na kete tisa, na hali zilikuwa kumi na moja. Nimesahihisha.