Panya Asiye na Nyongo

Kwetu mtoto hakabidhiwi kuku wa kupasua mpaka bibi aridhike kwamba nyongo anaijua. "Ukiitumbua, mboga imeharibika," alikuwa akiniambia, akinionyesha kile kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini. Kwa hiyo mwaka 2009, nilipofungua panya wangu wa kwanza maabara, mkono ulikwenda wenyewe kwenye ini.

Alikuwa panya mkubwa mweupe, mmoja wa wale niliowalisha wiki nne chakula kilichotiwa lehemu, yaani kolesteroli. Baba ndiye aliyenipeleka kwenye utafiti huo bila kujua. Alikuwa ametoka kuambiwa lehemu imezidi kwenye damu yake.

Nikainua pande moja la ini, la pili, nikachungulia chini, nikafuta kwa pamba. Nyongo hakuna. Nikaamini nimeitumbua, lakini mbona hata doa la kijani sioni? Jasho likanitoka ndani ya glavu. Panya alikuwa amelala kwa dawa, kifua kinapanda na kushuka, na hakuwa wa kuamka tena. Nisingeweza kuuacha uhai ule uende bure.

Mzee wa maabara akasogea. "Binti, unatafuta nini?"

"Nyongo, mzee."

"Huyu hana kifuko. Yake inatoka kwenye ini inakwenda moja kwa moja utumboni. Fuata mfereji."

Nikaufuata. Mwembamba kama uzi, umepita katikati ya kongosho. Nikapenyeza mrija wa plastiki, nikaufunga kwa hariri, tukangoja. Likaja tone, la njano, angavu kama samli iliyoyeyuka, likateleza hadi kwenye kichupa.

Njia kubwa ya lehemu kutoka mwilini ni hiyo: ini huigeuza kuwa asidi za nyongo. Panya akilishwa lehemu, ini lake huzidisha kasi ya kuigeuza, ndiyo maana lehemu kwenye damu yake haipandi upesi. Sungura hayawezi hayo. Nikolai Anitschkow, mtafiti wa Urusi, kule St Petersburg, aliwalisha sungura lehemu na mwaka 1913 akaeleza jinsi mishipa yao ilivyojaa mafuta. Nilikuwa nimekuja na swali la mishipa ya baba; panya huyu alikuwa akinijibu swali la ini lake mwenyewe, nami tangu siku hiyo sijaliacha.

Jioni nilirudi chumba cha wanyama. Kizimba namba 7 kilikuwa kitupu, maranda bado yana shimo alilolalia. Nikakiosha mwenyewe.