Pemba Hakuna Jiwe Jeusi

Tuliposhuka botini Mkoani, mabegi hata hayajatua chini, dada aliinama akaokota kijiwe. Akakigeuza huku na huku.

"Mbona cheupe? Moto wenu ulitokea wapi?"

Dada ni mtoto wa ami yangu, kazaliwa na kukulia Moroni. Kwao Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, nyumba, njia na hata ufukwe ni mawe meusi yaliyotapikwa na Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao bado una roho. Mtu aliyekua chini ya mlima ule haamini kuwa kisiwa kinaweza kupatikana bila moto. Nikamwambia huku hakuna mlima wa kutapika. Kilima kirefu kabisa cha Pemba hakifiki mita 150. Moto hapa ni wa jikoni tu.

Hakuridhika. Ndani ya gari la Chake alikuwa kachungulia dirishani, na kila tukiteremka bonde tukakuta kijito, alikuwa akinigusa goti. Bonde la mpunga, kilima cha migomba, kijito. Bonde jingine, kijito kingine. Waarabu wa zamani walipoita Pemba Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, hawakuwa wakitia chumvi.

"Maji yote haya," akasema, "na hakuna anayeyakinga?"

Hapo ndipo nilipofahamu anachokitazama. Ngazija mvua inanyesha sana, lakini mawe ya volkano yana matundu na maji huzama moja kwa moja; hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Watu hukinga maji ya paa kwenye birika, yaani matangi ya maji. Mwezi wa Novemba 2005 Karthala ililipuka, jivu likaingia kwenye mabirika hayo. Dada anakumbuka mama yake akichuja maji kwa leso, na chai iliyokuwa na ladha ya vumbi. Alinihadithia haya tukiwa tumesimama Chake, koroboi ya muuza pweza inawaka, na mimi nikaona aibu kwa ndoo zote nilizowahi kumwaga.

Kesho yake tukaelekea kaskazini, njia ya Konde. Ulikuwa msimu wa karafuu na kila uwanja umetandikwa majamvi, kuanzia zilizochumwa jana, bado kijani, hadi zile zilizokwisha kuwa kahawia na kukatika kwa ukucha. Sisi wa Unguja hupenda kujisifia karafuu, na mgeni tunamwonesha mkarafuu mmoja kwenye shamba la viungo akapiga picha. Ukweli ni kwamba kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tokea hapo karafuu ni Pemba. Mpemba hakuoneshi mkarafuu. Yuko juu yake.

Gari lilisimama kuteremsha abiria, mara wingu likafunga. Hakuna aliyepiga kelele, lakini nyumba nzima ilitoka, bibi, watoto, kijana aliyekuwa akinyolewa na nusu ya kichwa chake, wote wakikunja majamvi. Dada akaruka garini bila ya kuniambia, akashika pembe ya jamvi na bibi mmoja wasiyejuana. Walipoliingiza barazani mvua ikaporomoka. Bibi akamwuliza katoka wapi. "Ngazija." "Basi ni kwetu," bibi akajibu, akamtia makonyo ya karafuu kiganjani anuse. Dereva alitungoja, ingawa alisonya. Mkono wa dada ulinukia karafuu hadi usiku.

Ngezi tuliingia tumelowa. Msitu huu ni mabaki ya ule uliokuwa umekifunika kisiwa kabla ya mashamba, na giza lake linakuja ghafla, hatua tatu tu kutoka barabarani. Mlinzi akatuonesha mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya mnazi wenye pingili kama muwa, ambao hauoti kokote duniani ila Pemba. Lakini jamaa zake wako Bukini (Madagaska) na Ngazija na visiwa jirani vyake. Bara la Afrika huwapati. Kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Bahari ya Unguja na bara ina kina kifupi, ilikuwa nchi kavu zamani, ndiyo maana chui alifika kwetu kwa miguu. Pemba chui hakufika. Vingi vilivyofika Pemba viliruka au vilielea.

Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, sikukaa sana kwa sababu mbu hawakutaka. Ila dada alikinamia kisima. Wenyeji wanasema mtawala yule alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane, mmoja akiteka kwa kamba na mwengine akishuka ngazi. Mimi nilicheka ukewenza. Yeye alitaka kujua kina chake.

Mwisho tukaenda Kidike jioni, kuwaona popo. Walikuwa wamening'inia juu ya miti kama majani makavu ya mgomba, wekundu vifuani, wakubwa kuliko kunguru. Zamani walivuliwa kwa nyavu na kuliwa mpaka wakakaribia kwisha; sasa kijiji kinawalinda.

"Hawa wetu!" dada akapiga ukelele.

Si wao hasa. Popo huyu ni wa Pemba peke yake, ila ndugu zake wamejaa Ngazija, na bara hakuna hata mmoja. Jua likazama, wakaanza kujitingisha na kuondoka mmoja mmoja, mabawa yakitoa mlio kama kanga mbichi inayokung'utwa. Dada bado alikuwa na kile kijiwe cheupe mkononi. Akamgeukia mzee aliyekuwa akitutembeza.

"Babu, hawa walivukaje bahari yote ile?"

Mzee akawaangalia mpaka wakapita juu ya minazi.

"Mie n'liwakuta," akasema.