Petro Alipoinuka Mezani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Wagalatia 2:11-14. Ni aya nne tu, lakini zisome polepole kabla hujaendelea, maana kilichotokea pale ni kitu kidogo ambacho ni rahisi kukipita.

Tuko Antiokia. Kanisa lina Wayahudi na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, na wanakula pamoja. Petro yumo mezani. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Petro, kwa maneno ya Paulo, "akarudi nyuma, akajitenga". Hatusomi kwamba alihubiri kinyume cha mtu, wala kwamba alimwita mtu najisi. Alihama tu alipokuwa ameketi. Hata hivyo Paulo anamkemea kwa neno zito: "kuwashurutisha". Anawashurutishaje, na hajafungua kinywa? Kwa kiti kilichobaki wazi. Ndugu wa Mataifa waliokuwa wakimega mkate naye walielewa mara moja kwamba wakitaka kula tena na mtume, sharti kwanza wawe watu wa namna nyingine.

Shinikizo la jamii hufanya kazi hivyo karibu kila mahali. Amri hazihitajiki. Mtu anajibiwa salamu kwa ufupi kuliko wenzake. Mazungumzo yanakatika anapokaribia. Jina lake linarukwa wakati wa kugawa majukumu. Au chukua dada ambaye hajaolewa. Watu kumi wanamuuliza, kila mmoja mara moja tu na kwa nia njema, "Lini sasa?" Kila muulizaji anaona ameuliza swali dogo. Yeye amelibeba mara kumi, na wiki ijayo atafika ibada ikiwa imeanza na kuondoka kabla ya baraka, ili asikutane na la kumi na moja.

Kinachotugusa zaidi ni kwamba Petro alijua ukweli. Huyu ndiye aliyekuwa juu ya dari kule Yafa, saa sita mchana, akaoneshwa chombo kama nguo kubwa chenye wanyama waliohesabiwa najisi kikishuka kutoka mbinguni, na jambo lile likatendeka mara tatu. Ndiye aliyeingia kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, na kukiri kwamba Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote mchafu wala najisi (Matendo 10:28). Aliporudi Yerusalemu akalaumiwa kwa kula na wasiotahiriwa, akajitetea bila kutetereka. Kwa hiyo kilichomwangusha Antiokia si ujinga. Paulo anataja sababu waziwazi: "akiwaogopa waliotahiriwa". Tunadhani dawa ya kuwabandika watu sifa mbaya ni elimu peke yake, na elimu ni njema. Lakini mtu anaweza kuwa na ufunuo kutoka mbinguni na bado akahama kiti kwa sababu ya macho ya watu waliosimama mlangoni. "Kuwaogopa wanadamu huleta mtego" (Mithali 29:25).

Na mtego ule haukumnasa peke yake. Wayahudi wengine wakamfuata, "hata Barnaba". Hapo Paulo unamsikia akiumia. Barnaba ndiye aliyemshika mkono Sauli, ndiye Paulo huyu, na kumpeleka kwa mitume wakati wote walipokuwa wakimkimbia kwa sifa yake ya zamani (Matendo 9:27). Ndiye aliyekaa naye Antiokia hiyohiyo mwaka mzima akifundisha. Huyo naye akafuata mkumbo.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani katika miaka ya 1950. Aliwaonesha wanafunzi wa chuo kadi yenye mstari mmoja na nyingine yenye mistari mitatu, akauliza ni upi unaolingana na ule wa kwanza. Jibu lilionekana wazi kwa macho. Ila waliokuwa chumbani wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti katika zamu kadhaa. Yule mmoja alifuata uongo huo katika takriban theluthi moja ya zamu hizo, na robo tatu ya waliopimwa waliufuata angalau mara moja. Lakini pale mtu mwingine mmoja tu alipopangwa kusema kweli, kufuata kundi kulishuka hadi karibu robo ya kiwango cha awali. Hata waliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua sana. Ila ilitosha pia sauti moja ya kweli. Kule Antiokia, sauti hiyo ilikuwa ya Paulo.

Sisi tuna mtego mwingine, nao uko ulimini mwetu. Tunasema "mtoto wa nyoka ni nyoka", na kijana ambaye baba yake alikuwa mwizi ameshahukumiwa kabla hajagusa kitu cha mtu. Tunasema "samaki mmoja akioza wote wameoza", na watu wa kabila zima wanalipa deni la mmoja. Methali ina uzito wa wahenga, hivyo anayeitamka hajioni kuwa anasengenya. Ni vema tujue kwamba Mungu aliwahi kuipiga marufuku methali. Israeli walikuwa na yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Katika Ezekieli 18 Bwana anaapa kwamba hawatakuwa na sababu ya kuitumia tena, kisha anaeleza kwa kirefu kwa nini: mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Aliyebandikwa sifa huanza kupungua. Kijana anayeitwa mzembe hujitolea kazi mara mbili, mara zote mbili mtu anamsimamia begani kana kwamba ataharibu. Mkono unatetemeka, anakosea kweli. Mara ya tatu hajitolei. Wanaomtazama wanasema, "Si tulisema?" Kumbe wanachokitazama ni kazi ya mikono yao wenyewe. Ukitaka kulikata duara hilo, mpe kazi kamili yenye mwanzo na mwisho, mweleze mara moja, kisha ondoka pale aifanye. Kazi nusu yenye msimamizi kila hatua inamthibitishia kwamba haaminiwi.

Katika vikao vyetu, jambo linapomhusu mtu ambaye jina lake lina doa, tuanze kwa karatasi. Kila mjumbe aandike maoni yake kabla mtu yeyote hajazungumza, na mwenyekiti aseme mwisho. Akitangulia yeye, kikao kilichobaki ni mwangwi. Mtu akisema "watu wa namna ile ndivyo walivyo", aulizwe kwa upole: nani hasa, na alifanya nini, lini? Mara nyingi hoja huishia hapo, kwa sababu hakuna tukio nyuma yake, kuna sifa tu.

Maombi nayo tuyaangalie. Kumtaja mbele ya kusanyiko ndugu asiye na mtoto, au aliyetoka gerezani, bila yeye kuomba, ni kumtangaza huku tumefumba macho. Muulize kwanza faraghani: je, tukuombee hili, na tulitaje? Akisema hapana, mwombee chumbani kwako. Na tunapomtambulisha mtu, litoshe jina lake na huduma anayoifanya sasa. Ya zamani ni ushuhuda wake. Atautoa mwenyewe siku atakayotaka. Kuna ndugu waliookoka miaka mingi na bado kila mgeni anaambiwa kwanza kwamba walikuwa walevi. Tunasema tunamtukuza Mungu, lakini tunamrudisha mtu shimoni kila Jumapili.

Kuhusu kukemea, Paulo alisema "mbele ya wote" kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya wote na lilikwisha kuwakokota wengine. Kosa lililosemwa mkiwa wawili lirudi kwenye wawili (Mathayo 18:15). Ila tusibadilishane njia hizo kwa woga. Kumnyamazia aliyedhalilishwa mbele ya watu, kisha kumfuata nje na kumnong'oneza "pole, hata mimi sikupenda", kunatuliza dhamiri yetu tu. Kiti chake bado kiko wazi.

Na kama wewe ndiye uliyehama, rudi mezani kabla ya kuandaa maneno. Keti naye hadharani, wale uliowaogopa wakiwepo. Msamaha uombe wewe na yeye peke yenu, utaje kosa lako kwa jina lake halisi, bila "kama nilikukwaza".

Paulo hakuandika Petro alijibu nini siku ile. Katika barua ya pili inayobeba jina la Petro, yule aliyemkemea mbele ya wote anaitwa "ndugu yetu mpenzi Paulo" (2 Petro 3:15).